Mbio za Reno na Mafundi Wake

Vita kuu ya pili ilipomalizika mwaka 1945, serikali ya Marekani ilijikuta na ndege za kivita nyingi kuliko mahali pa kuziegesha. Zikapelekwa jangwani. Huko Kingman, katika jimbo la Arizona, zilipangwa maelfu kwa maelfu, bawa kwa bawa, nyingine zikiwa hazijamaliza hata matairi zilizotoka nayo kiwandani. Likawashwa tanuru, zikakatwa, zikayeyushwa, zikatoka vinoo vya alumini ya kuuzwa kwa uzito. Aliyetaka ndege nzima aliuziwa nzima. P-38, ile yenye injini mbili na mikia miwili, serikali ilikuwa imeinunua kwa karibu dola laki moja. Sasa ilikuwa yako kwa dola 1,250.

Tony LeVier, rubani wa majaribio wa kampuni ya Lockheed, alinunua moja, akaipaka rangi nyekundu, na mwaka 1946 akaenda nayo Cleveland, Ohio, kuwania Kombe la Thompson. Akashika nafasi ya pili, nyuma ya Tex Johnston aliyekuwa na P-39. Mchezo wa kushindanisha ndege zilizostaafu jeshini ulianza hivyo: silaha imekuwa rahisi, vijana waliozirusha vitani bado damu inachemka, na hakuna aliyewakataza.

Leo tuzungumze habari za mchezo huo, na za watu wanaozifufua ndege hizo kutoka kwenye majani na mchanga. Niseme mapema nimesimama upande gani. Magazeti humpiga picha rubani. Mimi kila ninapozisoma habari hizi najikuta namtafuta fundi: nani alifunga ile boliti, nani alisaini kwamba ndege iko tayari. Humo ndimo ilimo hadithi yenyewe, ya furaha na ya msiba.

Cleveland haikudumu. Septemba 1949, Bill Odom, mtu aliyejipatia sifa kwa safari ndefu za angani, aliingia mbioni na ndege ya kivita aina ya Mustang iliyoitwa Beguine. Mafundi walikuwa wameing'oa rejeta chini ya tumbo lake na kuihamishia kwenye ncha za mabawa, ili ndege ipasue upepo bila kizuizi. Wazo zuri kwenye karatasi. Mbio zilikuwa bado changa Odom alipoipoteza kwenye kona, ikaangukia nyumba katika mji wa Berea. Akafa yeye, na mama mmoja, na mtoto wa mama huyo. Mbio za ndege kubwa zikazimika kwa miaka kumi na mitano.

Aliyeziwasha tena alikuwa mfugaji. Bill Stead alikuwa na ranchi huko Nevada, na alikuwa bingwa wa boti za mbio. Mwaka 1964 aliwakusanya marubani katika uwanja wa vumbi ulioitwa Sky Ranch, karibu na mji wa Reno. Mwaka 1966 mashindano yakahamia uwanja wa Stead, uliokuwa kambi ya jeshi la anga. Jina hilo si la Bill. Ni la ndugu yake Croston, aliyekufa mwaka 1949 akirusha Mustang. Na Bill mwenyewe hakuufaidi uwanja huo, maana mwaka uleule wa 1966 alikufa huko Florida akiwa kwenye kindege kidogo cha mbio. Familia hiyo ililipa kodi kubwa kwa mapenzi yake.

Sasa nikueleze mbio zenyewe zilivyokuwa, kwa kuwa wengi wetu tukisikia mbio za ndege tunadhani ni ndege zinapita moja moja mbele ya saa. La. Daraja la juu kabisa, lisilowekewa mpaka wa ukubwa wa injini, lilikuwa na njia ya duara refu, kama kilomita 13 kuizunguka, iliyowekewa nguzo zenye mapipa juu yake. Kila rubani lazima apite upande wa nje wa kila nguzo. Ndege saba au nane zinajipanga mstari mmoja hewani nyuma ya ndege ya kiongozi, zinateremka pamoja kutoka upande wa milima, na kiongozi akiridhika na mstari anatangaza kwenye redio kwamba mbio zimeanza, kisha anapanda juu kuwaachia njia. Kwa miaka mingi kiongozi huyo alikuwa Bob Hoover, akiwa na Mustang yake ya manjano. Wao chini wanashindana mita 15 tu, au 50, juu ya vichaka vya jangwani, wakienda kilomita 750 kwa saa, wengine 800. Hoover anabaki juu akizunguka, akisubiri atakayeharibikiwa ili amsindikize mpaka atue.

Na kuharibikiwa ilikuwa kawaida. Injini ikipasuka, rubani haangalii chini kutafuta pa kutua. Anavuta usukani, mwendo wote ule unageuka kuwa kimo, na kwa sekunde chache yuko mita mia kadhaa juu, oili imetapakaa kwenye kioo. Huko ndiko anakopata nafasi ya kufikiri. Wengi wamenusurika kwa namna hiyo, kiasi kwamba watazamaji wa Reno walizoea kuona ndege inachomoka ghafla kwenda juu ikiacha mstari wa moshi, na spika zikitangaza jina la aliyepatwa.

Kwa nini injini zinapasuka? Hapa tuingie karakana.

Chukua Mustang, P-51. Injini yake ni Merlin, ubunifu wa Rolls-Royce wa Uingereza, iliyotengenezwa Marekani kwa leseni na kampuni ya Packard. Silinda 12, lita 27. Vitabu vya jeshi viliipa nguvu za farasi 1,500 hivi. Fundi wa mbio anaitaka itoe 3,000, na zaidi. Vyuma ni vilevile. Kinachobadilika ni kiasi cha hewa na mafuta kinachoshindiliwa ndani, zaidi ya maradufu ya kile jeshi lilichoruhusu. Ukiishindilia injini namna hiyo mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni inatoboka. Dawa yake ni kunyunyizia ndani maji yaliyochanganywa na methanoli, yapoze ule mlipuko. Rejeta nayo haiwezi kubeba joto hilo lote, kwa hiyo inamwagiwa maji ndege ikiwa hewani. Ndiyo maana Mustang za mbio huacha mvuke nyuma. Tenki za maji zimewekwa pale zilipokuwa bunduki au mafuta ya akiba. Fainali haizidi dakika kumi, na fundi amepiga hesabu yake kwa dakika hizo. Injini iliyotengenezwa ilinde makundi ya ndege za mabomu kutoka Uingereza hadi Berlin na kurudi, hapa haidaiwi hata robo saa, ila ndani ya muda huo inadaiwa kila kitu.

Mwili nao unanyolewa. Ncha za mabawa zinakatwa. Kioo kikubwa cha kumwezesha rubani kuona adui nyuma kinaondolewa, kinawekwa kidogo kama kofia ya baiskeli. Halafu inakuja kazi ya wale wasiotajwa: kuziba kila kiungo na kila kichwa cha ribiti kwa puti, kupiga msasa, kupaka, kupiga msasa tena, hadi bawa zima liteleze chini ya kiganja. Wanaofanya hivyo wengi hawalipwi. Ni walimu, wastaafu, mafundi wa mashirika ya ndege wanaokuja baada ya zamu.

Hakuna ndege inayoonyesha jambo hilo kama Rare Bear. Asili yake ni Bearcat, ndege ndogo ya jeshi la majini iliyobuniwa iwe na injini kubwa kwenye mwili mfupi, ipae haraka kutoka kwenye meli. Ilifika vikosini mwaka 1945, vita ikawa inafunga mlango. Lyle Shelton, aliyekuwa rubani wa jeshi la majini, aliikuta moja mwaka 1969 huko Valparaiso, Indiana. Ilikuwa imeanguka miaka saba nyuma na kutelekezwa palepale uwanjani, spea zinazofaa zimekwisha nyofolewa. Shelton akakusanya kilichobaki, akakipakia kwenye lori hadi California. Injini ya asili haikuwepo, kwa hiyo yeye na marafiki zake wakaamua kutoitafuta. Wakaweka R-3350, injini kubwa zaidi, ukoo wa zile zilizosukuma ndege za mabomu za B-29. Septemba mwaka uleule ikaruka, na siku chache baadaye ilikuwa Reno, ikamaliza ya tano.

Unaweza kudhani hadithi inaishia hapo kwa makofi. Ilichukua miaka ishirini. Walishinda fainali mwaka 1973 na 1975, wakavunja injini nyingi, fedha zikakauka, ndege ikalala miaka kadhaa. Tarehe 21 Agosti 1989, huko Las Vegas ya New Mexico, si ile ya kamari, Shelton aliipitisha kwenye kipimo cha kilomita tatu kwa kilomita 850 kwa saa. Hakuna ndege ya pistoni iliyokuwa imewahi kufika hapo. Injini iliyofanya kazi hiyo ilikuwa mchanganyiko wa viungo vya R-3350 za aina mbalimbali, vya jeshi na vya abiria, vilivyooanishwa na mafundi kwa akili na subira. Kitabu cha kiwanda hakikuwa na ukurasa wa kitu kama hicho.

Rekodi ya namna hiyo ina ukoo wake. Kabla ya vita, Aprili 1939, Mjerumani Fritz Wendel alirusha Messerschmitt iliyotengenezwa maalumu kwa kazi hiyo, akafika kilomita 755. Ilikaa miaka thelathini. Aliyeivunja, Agosti 1969, ni Darryl Greenamyer, naye akiwa na Bearcat. Greenamyer alikuwa rubani wa majaribio wa Lockheed, na jioni wahandisi wenzake walikuja kumsaidia kuipunguzia ndege yake ukinzani wa hewa. Ilifika 777. Leo imewekwa kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian karibu na Washington.

Lakini Greenamyer namtaja kwa sababu nyingine, na hapa nitatulia kidogo, maana ndilo tukio linaloniuma kuliko yote katika ulimwengu huu wa ndege kongwe.

Februari 1947, B-29 iliyopewa jina la Kee Bird iliondoka Alaska kwa safari ya upelelezi upande wa ncha ya kaskazini. Ikapotea, mafuta yakaisha, rubani akailaza kwa tumbo juu ya ziwa lililoganda kaskazini mwa Greenland. Watu wote 11 waliokolewa baada ya siku tatu. Ndege ikaachwa. Kule hakuna kutu ya kusema, hakuna mwizi, hakuna mtoto wa kurusha mawe. Karibu nusu karne ikapita, nayo imekaa vilevile, mabawa yote mawili, mkia umesimama.

Mwaka 1994 Greenamyer akaenda na kundi dogo. Walikuwa na ndege kuukuu ya mizigo aina ya Caribou, iliyosomba injini nne zilizofufuliwa, mapangaboi, matairi, na vipande vya tingatinga. Fundi mkuu alikuwa Rick Kriege. Majuma kwa majuma, kwenye baridi na upepo, bila karakana, bila kreni ya maana, wakabadilisha injini zote nne. Ngozi ya mikono ilipasuka. Kriege akaanza kuugua na hakukubali kuacha kazi, theluji ikawahi kuanguka, na aliposafirishwa hadi hospitali nchini Kanada hakupona. Alikufa wiki mbili baadaye. Wenzake wakairudia ndege Mei 1995. Wakasafisha ziwa lililoganda liwe uwanja. Injini nne zikawaka. B-29 ikaanza kujiviringisha yenyewe, kwa nguvu zake, kwa mara ya kwanza tangu 1947.

Mkiani kulikuwa na injini ndogo ya kuzalisha umeme, na juu yake tenki la mafuta lililofungwa kwa muda tu. Ndege ikitikisika juu ya barafu yenye mabonde, tenki likalegea, petroli ikamwagikia injini ya moto. Walipogundua moshi, mkia ulikuwa tayari unawaka. Watu wakatoka wakiwa hai. Ndege ikaungua mbele ya macho yao, na mabaki wakayaacha.

Nimeisoma habari hii kwa hasira kila mara. Injini nne zimefungwa kwa ustadi ambao hata kiwandani wangevua kofia, halafu shughuli yote inateketea kwa kitu kilichoning'inizwa kwa haraka. Wapo waliosema tangu hapo kwamba bora ingeachwa. Barafu iliitunza miaka 48. Binadamu waliomaliza kazi hiyo kwa mwaka mmoja walikuwa na nia njema. Mimi nashindwa kuwahukumu moja kwa moja. Ndege iliyoachwa pale haikuwa ikitazamwa na mtu, na Kriege hakwenda kule kwa ajili ya mshahara.

Ng'ambo ya pili ya bahari, Waingereza wana tabia nyingine. Wao hawashindani sana, wanafufua. Mei 1940, wakati wa uhamishaji wa majeshi Dunkirk, ndege ya kivita ya Spitfire yenye namba N3200 ilipigwa ikatua kwenye ufuko wa Sangatte, Ufaransa. Rubani, Geoffrey Stephenson, alitekwa. Mchanga ukaimeza ndege hiyo hadi mwaka 1986 ulipoitapika. Mwaka 2014 iliruka tena, na mwaka uliofuata mwenye nayo akaitoa zawadi kwa makumbusho ya vita huko Duxford. Ndugu yake, P9374, iliyotoka kwenye ufuko wa Calais, iliuzwa mnadani London mwaka 2015 kwa zaidi ya pauni milioni tatu.

Mtu mwenye macho makali atauliza: chuma kilicholala kwenye mchanga wa chumvi miaka arobaini kina kipi cha kurushwa? Swali halali. Sehemu kubwa ya ndege hizo ni alumini mpya, imekatwa na kukunjwa upya kwa kufuata michoro ya zamani. Ni kama jahazi la babu ambalo kila msimu wa kulikalafati limebadilishwa mbao mbili tatu, hadi hakuna ubao ambao babu aliukanyaga. Na bado ukoo mzima unaliita jahazi la babu, na hakuna anayebisha. Wanunuzi wa London wanabisha, maana pale kuna mamilioni. Kwangu la maana ni kwamba kijana wa miaka ishirini na kitu amejifunza kukunja bati la bawa namna walivyolikunja mwaka 1939. Ujuzi huo haukuwepo kwenye mchanga.

Sasa niingize neno letu sisi wa huku, kwa kuwa katika shangwe za Reno kuna ndege moja ambayo Afrika ya Mashariki inaijua kwa sura nyingine kabisa.

Reno kulikuwa na daraja la T-6 peke yake. Hii ni ndege ya mafunzo, ya viti viwili, injini ya nguvu za farasi 600. Hairuhusiwi kuchezewa sana, kwa hiyo zote zinakwenda karibu sawa, kilomita 370 hivi kwa saa, na anayeshinda ni yule anayekata kona kwa adabu. Mlio wake ni wa kukera na wa kupendeza kwa pamoja. Ncha za pangaboi zinakaribia mwendo wa sauti, na zinanguruma kama zinapasua turubai. Wajuzi wengi wanasema mbio za T-6 ndizo tamu kuliko za wenye injini kubwa. Nakubaliana nao.

Waingereza waliiita Harvard. Mwaka 1953 jeshi lao la anga lilileta Kenya kikosi namba 1340 kikiwa na Harvard zilizofungwa mabomu ya kilo tisa, zikaenda kuyaangusha kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, walikokuwa wapiganaji wa Mau Mau. Miaka hiyohiyo Wabelgiji walikuwa na shule ya marubani Kamina, Katanga, wakifundishia Harvard. Na mwaka 1964 serikali ya Kongo iliwarushia waasi wa Simba ndege za T-6 na T-28, nyingi zikiwa na marubani wa kukodiwa. Kwa hiyo yupo mzee wa Nyeri, yupo na mzee wa Kisangani, ambaye ule mlio wa pangaboi hautamfanya anunue tiketi.

Sisemi hivyo ili kuwaharibia watu sherehe. Mpaka puti wa huko Nevada hakuangusha bomu popote. Nasema tu kwamba wapenzi wa ndege hizi wana mazoea ya kusimulia historia yake kuanzia Hawaii na kuishia Japani, na kazi zilizofanywa na ndege hizohizo baada ya 1945, juu ya watu wasio na ndege, huwa zinarukwa. Kibao kimoja mbele ya T-6 kwenye makumbusho kingetosha.

Turudi Reno, tarehe 16 Septemba 2011.

Jimmy Leeward alikuwa na miaka 74 na Mustang iliyoitwa Galloping Ghost. Ilikuwa imekatwa kuliko Mustang nyingi: mabawa yamefupishwa, na ule mdomo mkubwa wa rejeta chini ya tumbo umeondolewa kabisa, joto likipozwa kwa maji yanayochemka na kutoka kama mvuke. Ikawa nyembamba kama samaki nguru. Kwenye mzunguko wa tatu, ikienda zaidi ya kilomita 800 kwa saa, kibapa kidogo cha mkiani, kile kinachomsaidia rubani asiusukume usukani muda wote, kilianza kutetemeka, kisha kikachanika. Ndege ikainua pua ghafla. Mwili wa Leeward ulielemewa kwa uzito wake mara kumi na saba. Alipoteza fahamu palepale. Mustang ikapanda, ikageuka, ikarudi chini ikaangukia mbele ya majukwaa. Walikufa 11, yeye akiwamo, na zaidi ya 60 wakajeruhiwa.

Wachunguzi wa serikali walifanya kazi ya kupigiwa mfano. Waliokota vipande, wakatazama picha zilizopigwa na watazamaji, wakauona mkia ukiwa tayari umelegea sekunde chache kabla. Chanzo kikawa nati. Zile nati za kujikaza, zenye pete laini ndani inayong'ang'ania skrubu isifunguke kwa mtikisiko. Ukishaifungua, pete ile imelika, na kanuni ni kuitupa na kuweka mpya. Hizi zilikuwa kwenye mkia ule kwa miaka 26 au zaidi. Skrubu zikalegea, kibapa kikapata nafasi ya kucheza, basi. Juu ya hilo, mabadiliko makubwa ya mwili hayakuwa yamejaribiwa ipasavyo kwa mwendo ambao ndege ilikwenda siku ile.

Na si Reno peke yake. Oktoba 2019, ndege ya mabomu ya B-17 iliyokuwa ikibeba abiria wa kulipia safari za kumbukumbu ilianguka Connecticut, wakafa saba, na wachunguzi wakakuta waya wa kuwasha injini umelegea na mianya ya plagi imepitiliza kiasi. Yaani mambo ambayo fundi wa pikipiki hapo mtaani angekukagulia kabla hujamaliza chai.

Baada ya hayo, hoja ya kuziegesha zote makumbusho si ya kijinga. Msimamo wangu ni huu: ile iliyobaki peke yake duniani ikae chini ya paa. Mustang bado zipo za kutosha, T-6 ni nyingi zaidi, hizo ziruke, maana injini iliyo nyuma ya kioo cha maonyesho haimfundishi fundi yeyote kusikiliza. Ila watazamaji wakae mbali, na mwenye kalamu ya kusaini ukaguzi asiwe ndiye mwenye ndege.

Reno yenyewe iliendelea kwa miaka 12 zaidi, kwa shida. Bima ilipanda. Nyumba zilizidi kuusogelea uwanja wa Stead kutoka pande zote, na kila mtu alikumbuka Berea. Machi 2023 mamlaka ya viwanja vya ndege ikatangaza kwamba Septemba hiyo itakuwa ya mwisho. Ikawa ya mwisho kweli, na kwa ubaya: siku ya kufunga, T-6 mbili zilizokuwa zimemaliza mbio ziligongana zikija kutua, marubani wote wawili wakafa. Fainali kuu haikurushwa.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Huko Chino, California, kwenye makumbusho ya Planes of Fame, yupo Steve Hinton, ambaye mwaka 1979 aliweka rekodi ya kilomita 803 kwa ndege ya Red Baron, Mustang yenye injini kubwa ya Griffon na mapangaboi mawili yanayozunguka kinyume, na mwaka uleule akaanguka nayo Reno, akapona kwa majaaliwa. Mwanawe, Steve mdogo, alikulia kwenye karakana hizo. Mwaka 2009, akiwa na miaka 22, alishinda fainali ya Reno, na hakuna aliyekuwa ameshinda akiwa mdogo kuliko yeye. Mwaka 2017, huko Idaho, akaipitisha Mustang ya Voodoo kwenye kipimo kilekile cha kilomita tatu kwa wastani wa kilomita 855. Kazi ya nyuma ya tarakimu hiyo ni ya watu wanaojuana tangu utotoni, wanaopokezana spana bila kuulizana ukubwa.

Sasa mbio zimehamia Roswell, New Mexico, ambako ndege zilianza kushindana Septemba 2025. Uwanja uko kwenye tambarare tupu, nyumba ni chache. Upo chini kuliko Stead kwa mita mia nne hivi, kwa hiyo hewa yake ni nzito zaidi: mwili wa ndege unasukumana na upepo mwingi, na vipimo vya maji, mafuta na mgandamizo ambavyo mafundi waliviandika Reno kwa karibu miaka sitini, vingine kwenye madaftari ya marehemu, havifai kunakiliwa kama vilivyo. Inabidi wapime upya, injini moja baada ya nyingine.